James Grant: aliyeachwa nyuma Unyamwezi akakusanya mimea

Wengi wetu jina la Grant tumelisikia kwa sababu ya swala. Swala granti, yule mwenye pembe ndefu anayeonekana katika mbuga zetu, ameitwa kwa jina la James Augustus Grant, mwanajeshi wa Scotland aliyefika Tabora mwaka 1861. Shuleni tulifundishwa kwamba alimsindikiza John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, basi. Kazi aliyoifanya huku kwetu ni nadra kutajwa, na ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Grant alizaliwa Nairn mwaka 1827, mtoto wa mchungaji. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia jeshi la Waingereza nchini India. Huko ndiko alikofahamiana na Speke, na huko akajeruhiwa mkono wa kulia katika mapigano ya Lucknow.

Safari yao kutoka pwani ilianza Oktoba 1860. Miongoni mwa viongozi wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye alikuwa ameipita njia hii miaka michache kabla akiwa na Burton na Speke. Januari 1861 walifika Kaze, Tabora ya leo, wakafikia kwenye tembe ya Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi.

Hapo mambo yakakwama. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa vitani na Mtemi Mnywa Sere, waliyemwondoa na kumweka Mkisiwa mahali pake. Wapagazi wakawa adimu. Speke akawa anakwenda na kurudi kutafuta watu, na Grant akaachwa Ukuni, kaskazini mwa Tabora, kwa Mtemi Ukulima. Alikaa huko zaidi ya miezi mitatu akilinda mizigo.

Mtu mwingine angeweza kukaa tu akihesabu siku. Grant alichora picha, akaandika alivyowaona Wanyamwezi wakiishi, na akakusanya mimea. Kazi hiyo ya mimea huonekana nyepesi kwa asiyeijua. Unakata kitawi chenye ua au tunda, unakilaza kati ya karatasi, unakibana, kisha unabadilisha karatasi mpaka kikauke. Mvua ikiingia, ukungu unakula kila kitu; mvua ikikosa, mchwa wapo. Kikishakauka kinageuka mzigo, na mzigo kwenye njia ya misafara ulikuwa kichwa cha mpagazi.

Lakini jani kavu peke yake halisemi mengi. Rangi inapotea, harufu inapotea, na huwezi kujua kama matunda yake huliwa au mizizi yake ni dawa. Grant aliandika pia majina aliyoambiwa na matumizi aliyoyaona. Hapa tunasema wazi: maarifa hayo yalikuwa ya wenyeji. Mimea kadhaa ina neno grantii katika jina lake la kisayansi. Waliomwambia huu ni mti gani na unatibu nini, majina yao hayamo.

Septemba 1861 msafara wake ulishambuliwa na watu wa Mtemi Myonga na mali nyingi ikaporwa. Karagwe, kwa Mukama Rumanika, mguu wake ulioza kiasi cha kushindwa kutembea. Speke alitangulia Buganda Januari 1862. Grant aliondoka miezi mitatu baadaye akiwa amebebwa. Hata Julai mwaka ule, Speke alipoyaona maji ya Nile yakitoka ziwani, Grant hakuwapo, alikuwa ameelekezwa Bunyoro. Hatukuona ushahidi kwamba alimlaumu mwenzake hadharani.

Walifika Gondokoro, Sudan Kusini ya leo, Februari 1863. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka uliofuata. Mimea ilichambuliwa Kew, London, na Daniel Oliver na wenzake, na matokeo yakachapishwa na Jumuiya ya Linnean kati ya 1872 na 1875, pamoja na michoro zaidi ya 100. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya kisayansi kuhusu mimea ya Unyamwezi.

Miaka ishirini hivi baada ya Grant, Mjerumani Richard Böhm naye alipiga kambi kusini mwa Tabora. Myombo, mti ulioupa msitu wetu jina, kwa wanasayansi unaitwa Brachystegia boehmii. Wanyamwezi walikuwa na jina lake zamani.

Leo Urambo, Kaliua na Sikonge kuni za miombo zinakaushia tumbaku. Anayetaka kujua ni mimea gani ilikuwapo njiani kabla ya reli na kabla ya tumbaku, majani ya Grant yapo Kew, yamebandikwa kwenye karatasi.

Yeye mwenyewe alirudi Afrika mwaka 1868 na jeshi la Waingereza huko Uhabeshi. Alifariki Nairn, alikozaliwa, Februari 1892, akiwa na miaka 64.