Eulogius: Kasisi aliyeifia imani Cordoba

JINA la Kasisi Eulogius halitenganishwi na jiji la Cordoba, Uhispania, ambalo katika karne ya 9 lilikuwa makao ya watawala Waislamu.

Wakristo waliruhusiwa kuabudu mradi walipe jizya na wasimkashifu Mtume Muhammad. Wengi waliyazoea maisha hayo. Rafikiye, Alvarus, alilalamika kwamba vijana walienzi ushairi wa Kiarabu na kusahau Kilatini. Eulogius alisafiri kaskazini, akarejea na vitabu vya Virgil na Augustine.

Kati ya 850 na 859, Wakristo wapatao 48 waliuawa, wengi wao kwa kuukashifu Uislamu hadharani. Mwaka wa 852, maaskofu walikataza waumini kujitafutia kifo. Eulogius, aliyekuwa amewahi kufungwa, aliwatetea waliouawa kwa maandishi, akiwahesabu kuwa mashahidi wa imani.

Alichaguliwa kuwa askofu mkuu wa Toledo, lakini hakutawazwa. Alikamatwa kwa kumficha Leocritia, msichana wa familia ya Kiislamu aliyeingia Ukristo, akakatwa kichwa Machi 11, 859. Leocritia aliuawa siku nne baadaye.

Kabla ya karne hiyo kuisha, Mkristo Hafs al-Quti alitunga Zaburi kwa mashairi ya Kiarabu. Imani ilidumu, ila kwa lugha ambayo Alvarus aliihofia.