Kardinali Rugambwa na Imani Isiyolazimishwa

Ndani ya Kanisa Kuu la Bukoba limo kaburi la Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Waamini wengi hupita hapo baada ya Misa, hupiga ishara ya msalaba, husali kidogo, kisha huenda zao. Ukiwauliza ni nani aliyelala pale, karibu wote watakujibu jambo moja: ni Kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi. Jibu hilo ni sahihi. Lakini sisi tunaoishi na kusoma katika mkoa huu wa Kagera tumeona maisha yake yana fundisho jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni juu ya uhuru wa dini na namna ya kuishi na wale wasiosali kama sisi. Ili tulione vizuri, inatupasa kuanzia miaka 20 kabla hajazaliwa.

Mwezi Januari mwaka 1892, Wakristo wa Buganda walipigana vita huko Mengo. Upande mmoja walikuwa Wakatoliki, walioitwa Wafaransa kwa sababu ya mapadre wao. Upande mwingine walikuwa Waanglikana, walioitwa Waingereza, nao walisaidiwa na bunduki za kampuni ya Kiingereza. Ni aibu kukumbuka kwamba miaka sita tu nyuma, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa pande hizo mbili walichomwa moto pamoja pale Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa kuwa walikataa kumkana Kristo. Waliokufa pamoja kwa ajili ya imani waliacha ndugu ambao hawakuweza kuishi pamoja.

Wakatoliki walishindwa. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, alikimbilia kusini pamoja na baadhi ya Wakristo wake. Mwisho wa mwaka huo misheni ya Kashozi ikaanzishwa, kilomita chache kutoka mjini Bukoba. Kashozi ndiyo mama wa parokia zetu zote za Kagera. Basi tusisahau kwamba Injili ya Kikatoliki ilifika kwetu ikiwa mikononi mwa wakimbizi wa vita vya dini, tena vita vya Wakristo kwa Wakristo.

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika kijiji cha Bukongo, nchi ya Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Wazazi wake walikuwa bado hawajabatizwa. Siku zile Mapadre Weupe hawakumbatiza mtu kwa haraka. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba mtu mzima afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne kabla ya kupokea sakramenti. Mtu aliyechoka aliweza kurudi nyumbani kwake, na aliyebaki alibaki kwa sababu alitaka.

Tarehe 19 Machi 1921, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Rugambwa alibatizwa pamoja na baba yake na mama yake. Alikuwa na umri wa miaka minane. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga na hatukumbuki chochote. Yeye alikuwa na umri wa kutosha kuwaona wazazi wake wakiacha njia moja na kushika nyingine, na kuingia nao kisimani siku ileile. Katika familia hiyo imani ilikuwa jambo lililochaguliwa na watu wazima wenye akili zao, mbele ya macho ya mtoto wao.

Mtoto huyo alisoma Seminari ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda Seminari Kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, katika nchi ileile ya Uganda iliyokuwa na kumbukumbu za Namugongo na za Mengo pia. Alipewa daraja takatifu la upadre tarehe 12 Desemba 1943 na Askofu Burkhard Huwiler. Alihudumu parokiani kwa miaka michache, kisha akatumwa Roma kusoma sheria za Kanisa, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1951. Mwezi Desemba mwaka huohuo Baba Mtakatifu Pius XII alimteua kuwa Vikari wa Kitume wa Kagera ya Chini. Aliwekwa wakfu kuwa Askofu tarehe 10 Februari 1952, na makao yake yakawa Rutabo, hapo hapo katika nchi aliyozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Miaka minane baadaye habari zilizotoka Roma ziliwashangaza wengi. Tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane XXIII alimfanya Askofu wa Rutabo kuwa Kardinali. Siku hiyohiyo walifanywa Makardinali pia Peter Tatsuo Doi wa Tokyo, wa kwanza kutoka Japani, na Rufino Santos wa Manila, wa kwanza kutoka Ufilipino. Papa aliwapita maaskofu wakuu wa miji mikubwa ya Afrika akamchagua askofu wa jimbo dogo la vijijini, lenye migomba na mibuni. Kanisa alilokabidhiwa kule Roma, kama ilivyo desturi kwa kila Kardinali, lilikuwa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi huko Ripa Grande, mahali ambapo Fransisko mwenyewe alifikia alipokwenda Roma. Sisi tunaona neema katika jambo hilo. Mwaka 1219, wakati wa Vita vya Msalaba, Fransisko alikwenda Damietta nchini Misri bila silaha, akavuka hadi upande wa pili, akazungumza na Sultani al-Kamil, kisha akarudi salama.

Mwezi Juni 1960 Kardinali Rugambwa alihamishiwa Bukoba. Mji ule ulikuwa tayari na kengele za Wakatoliki, za Walutheri, na adhana ya Waislamu. Askofu wa Walutheri alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, na mwaka 1964 nafasi yake ilichukuliwa na Mhaya, Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hebu tutafakari kidogo. Ufuko mmoja wa Ziwa Viktoria ulitoa Kardinali wa kwanza Mwafrika na Rais wa kwanza Mwafrika wa Walutheri wa dunia nzima, na kwa miaka minne wote wawili walikuwa maaskofu katika mji mmoja. Babu zao katika imani, kwa mambo ya Buganda, wangeweza kushikiana bunduki.

Mwaka 1962 ulianza Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Maaskofu wa Afrika walikuwa wachache kati ya mababa zaidi ya 2,000, tena wamegawanyika kwa lugha, wengine Kifaransa, wengine Kiingereza. Waliona kwamba kila mmoja akisema peke yake hatasikika. Wakajiundia sekretarieti yao ya pamoja, na Kardinali Rugambwa akawa mwenyekiti wake. Ushirikiano huo uliifanya sauti ya Afrika isikike kama sauti moja.

Kati ya mambo yaliyojadiliwa kwa ukali katika Mtaguso ule ni uhuru wa dini. Kwa miaka mingi waalimu wengi wa Kanisa walikuwa wamefundisha kwamba uongo hauna haki, na kwa hiyo serikali ya nchi ya Kikatoliki ingeweza kuzuia dini nyingine zisihubiriwe hadharani. Wenye kuulinda msimamo huo hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kwamba watu wakiambiwa wana uhuru wataona dini zote ni sawa na ukweli hauna maana. Mwezi Novemba 1964 kura iliyokuwa inasubiriwa iliahirishwa, na wengi wakarudi makwao wamekata tamaa.

Hatimaye, tarehe 7 Desemba 1965, tamko liitwalo Dignitatis Humanae lilipitishwa kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Kabla yake, tarehe 28 Oktoba, lilikuwa limepitishwa Nostra Aetate, tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, ambalo linawataja Waislamu kwa heshima. Hatusemi kwamba hati hizo ni kazi ya Kardinali wetu. Yeye alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso. Tunachosema ni kwamba mafundisho yale hayakuwa mageni kwa mtoto wa Bukongo. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba kusadiki ni tendo la utashi. Unaweza kumshurutisha mtu apige magoti, lakini huwezi kumshurutisha asadiki. Wazazi wa Rugambwa walilijua hilo bila kusoma vitabu.

Mtaguso ukiwa bado unaendelea, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda. Katika mahubiri yake siku hiyo aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ilikuwa imepita miaka 72 tangu Mengo.

Mwezi Desemba 1968 Kardinali aliiacha Bukoba na kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Alitoka mahali ambapo Wakristo ni wengi akaenda pwani, ambako Uislamu umekaa karne nyingi. Mwaka uliofuata, 1969, Serikali ilitaifisha shule za binafsi, zikiwemo zile zilizojengwa na madhehebu. Kwetu Bukoba, Ihungo ya Wakatoliki na Kahororo ya Walutheri zote zilichukuliwa. Zipo sababu mbili za kulitazama tukio hilo kwa haki. Kwanza, Kanisa lilipoteza kazi ya jasho la miaka mingi, na wazee wetu wengine bado hulisimulia kwa uchungu. Pili, kabla ya hapo watoto wa Kiislamu walikuwa nyuma sana katika elimu, kwa sababu milango mingi ya shule ilikuwa ya misheni. Leo Shule ya Sekondari Rugambwa, yenye jina la Kardinali pale Bukoba, ni ya Serikali, na wasichana wa dini zote hukaa dawati moja. Hospitali yenye jina lake kule Ukonga, Dar es Salaam, haimwulizi mgonjwa anasali wapi.

Aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam hadi mwaka 1992 alipostaafu. Alifariki dunia tarehe 8 Desemba 1997, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa kwanza Kashozi, na mwaka 2012, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, mabaki yake yalihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba lililokuwa limekarabatiwa. Kwa hiyo kwa miaka karibu 15 alilala katika ardhi ile iliyowapokea waliokimbia vita vya dini.

Je, sisi tunafanya nini na urithi huu? Mwaka 2015 makanisa kadhaa ya Bukoba yalichomwa moto usiku. Mengi yalikuwa ya madhehebu mengine. Tunajiuliza kama tuliumia kama ambavyo tungeumia kama lingekuwa kigango chetu. Na tukiri jambo hapa: mezani kwetu, sisi mafrateri, tumewahi kuwacheka walokole kwa namna wanavyosali, na kuwasema Waislamu maneno ambayo tusingethubutu kuyasema wakiwepo. Hatukumchoma mtu nyumba yake. Lakini dharau ni kuni, na anayezikusanya hawezi kujua nani atakuja na kiberiti.

Kudai uhuru wa dini kwa ajili yetu ni rahisi. Mtihani huja nyumbani. Huja pale binti wa familia ya Kikatoliki anapotaka kuolewa na Mwislamu, au kijana aliyepata kipaimara anapoanza kusali na Walutheri, na ndugu wanakaa kikao cha kumtenga na kumnyima sehemu ya kibanja. Wakati huo Dignitatis Humanae hukoma kuwa somo la mtihani. Familia itamwita padre, na padre huyo siku moja atakuwa mmoja wetu. Ana wajibu wa kueleza ukweli wote wa imani bila kuupunguza, na kumwomba Mungu kwa machozi ikibidi. Hana ruhusa ya kutumia njaa, shamba au laana ili kumrudisha mtu kanisani.

Tunawaalika wasomaji wetu wa parokiani, hasa wazee, muwasimulie watoto na wajukuu jinsi familia zenu zilivyoipokea imani: nani alianza, nani alikataa, na mliishije na yule aliyekataa. Nasi tutakaporudi likizo vigangoni, tutaanza kwa kwenda kuwasalimu majirani wasio wa dini yetu, kabla hatujaitwa kwenye misiba yao.