Gordon Cooper: Rubani Aliyeisalimu Afrika Kutoka Angani

Mwezi wa Mei mwaka wa 1963 ulikuwa mwezi wa kura nchini Kenya. Katika Bonde la Ufa, na hasa Nakuru na viunga vyake, gumzo lilikuwa juu ya ardhi, juu ya majimbo, na juu ya hatima ya walowezi waliokuwa wakimiliki mashamba makubwa ya Njoro, Molo na Naivasha. Huko Addis Ababa nako, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi huru za Afrika walikuwa wakiandaa mkutano wa viongozi wao. Ni katika siku hizo za matarajio na wasiwasi ambapo Mmarekani mmoja, akiwa peke yake ndani ya chombo kidogo, alipita juu ya bara hili na kulitolea salamu. Jina lake lilikuwa Leroy Gordon Cooper.

Cooper alizaliwa tarehe 6 Machi 1927 katika mji wa Shawnee, jimbo la Oklahoma. Baba yake alikuwa mwanasheria na pia mwanajeshi wa anga, na ndiye aliyempakia mwanawe katika ndege ya familia akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa kijana alijiunga na kikosi cha majini mwaka wa 1945, vita vikiwa vinakaribia mwisho, kisha akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Huko alikutana na Trudy Olson, msichana aliyejua kurusha ndege, wakaoana mwaka wa 1947 na kujaliwa mabinti wawili. Baadaye Cooper alihamia jeshi la anga, akarusha ndege za kivita nchini Ujerumani kwa miaka minne, akapata shahada ya uhandisi wa ndege mwaka wa 1956, na hatimaye akawa rubani wa majaribio katika kambi ya Edwards, California.

Mnamo Aprili 1959 Marekani ilitangaza majina ya marubani saba waliochaguliwa kupelekwa angani chini ya mpango wa Mercury. Cooper ndiye aliyekuwa na umri mdogo kuliko wote. Taswira iliyotakiwa na taifa lake ilikuwa ya mwanamume shujaa mwenye nyumba tulivu, ilhali yeye na Trudy walikuwa wametengana. Wawili hao waliafikiana kurudiana ili nafasi isimponyoke. Picha za magazeti zikaonyesha familia yenye furaha, na ndoa hiyo ikadumu hadi mwaka wa 1971 ilipovunjwa. Ni vigumu kumhukumu Cooper peke yake kwa jambo hili. Waliotaka maonyesho hayo walikuwa wengi, naye Trudy, aliyekuwa rubani kwa haki yake mwenyewe, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo bila kupewa chombo chochote cha kurusha.

Wakubwa wa Cooper hawakuwa na imani kamili naye. Alipenda magari ya mashindano, alipenda kasi, na hakupenda kuchungwa. Siku chache kabla ya safari yake aliirusha ndege ya kivita chini mno, juu ya majengo ya kituo cha Cape Canaveral, kitendo kilichowaudhi viongozi kiasi cha kufikiria kumwondoa na kumweka Alan Shepard mahali pake. Hatimaye aliachwa. Tarehe 14 Mei safari iliahirishwa baada ya saa kadhaa za kungoja. Kesho yake, akiwa amefungwa kitini juu ya roketi iliyojaa mafuta, Cooper alisinzia. Wengine walisema huo ni uzembe. Labda ulikuwa utulivu tu.

Chombo chake aliking'amua kwa jina la Faith 7, yaani Imani. Kilipaswa kuizunguka dunia mara 22, kila mzunguko ukichukua takribani saa moja na nusu. Ili mawasiliano yasikatike, Marekani ilikuwa imetapanya vituo vya kufuatilia safari hizo duniani kote. Viwili vilikuwa katika Afrika, kimoja Kano na kingine Zanzibar. Kituo cha Zanzibar kilitokana na mapatano ya Uingereza na Marekani ya mwaka wa 1960. Wazanzibari wenyewe hawakuulizwa. Wazalendo wengi walikipinga, wakihofia kwamba kisiwa chao kingegeuzwa shabaha katika vita vya wakubwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana teknolojia ya kupeleka mtu angani na ile ya kurusha kombora zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Akiwa karibu na Zanzibar, Cooper alijitambulisha kwa Waafrika, akaeleza kwamba yuko zaidi ya maili 100 juu ya bara lao, na kwamba dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu aipite Addis Ababa. Akawatakia viongozi waliokutana huko ufanisi, na Waafrika wote heri. Bila shaka salamu hizo zilikuwa na siasa ndani yake: Warusi walikuwa wametangulia angani, na kila dola kubwa ilitaka rafiki katika Afrika huru. Hata hivyo, zilikuwa salamu za heshima. Tarehe 25 Mei viongozi hao walitia sahihi mkataba ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 12 Agosti, mjini Nakuru, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi akiwaomba pande zote zisameheane. Na mnamo Aprili 1964, miezi mitatu baada ya mapinduzi, serikali ya Abeid Amani Karume ilidai kituo kile kiondolewe, nacho kikaondolewa.

Turudi angani. Katika mizunguko ya mwisho mitambo ya Faith 7 ilianza kufa mmoja baada ya mwingine. Taa ya tahadhari iliwaka bila sababu, vipimo vya mwelekeo vikapotea, kisha hitilafu ya umeme ikauzima mtambo wa kukiongoza chombo chenyewe. Joto lilipanda, hewa chafu ikaongezeka. Chombo kikiinama vibaya kingeungua au kurukia mbali. Cooper alitumia mistari aliyoichora kwenye dirisha, makundi ya nyota aliyoyajua, na saa ya mkononi. John Glenn, kutoka melini karibu na Japani, alimhesabia sekunde za kuwasha roketi za kupunguza mwendo. Nahodha wa jahazi aliyelelewa Lamu angeielewa vyema kazi hiyo. Baada ya saa 34 na dakika 19 alitua katika Bahari ya Pasifiki, kilomita chache tu kutoka manowari iliyokuwa ikimngoja. Rubani aliyedhaniwa mzembe alikuwa amekilenga vizuri mno.

Mwaka wa 1965 alirudi angani pamoja na Charles Conrad katika Gemini 5, wakakaa karibu siku nane. Mwezini hakufika. Alikuwa kiongozi wa akiba wa Apollo 10, lakini safari aliyoitarajia ilipewa Shepard, na mwaka wa 1970 akaacha kazi. Uzeeni alizungumza sana juu ya vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, jambo lililowatia baadhi ya wenzake aibu.

Alifariki California tarehe 4 Oktoba 2004, akiwa na umri wa miaka 77. Sehemu ya majivu yake ilirushwa kwa roketi mwaka wa 2007, ikaanguka milimani huko New Mexico na kutafutwa kwa wiki kadhaa. Sehemu nyingine ilipotea roketi ilipofeli mwaka wa 2008. Mwezi wa Mei 2012 majivu mengine yalifaulu kuingia katika njia ya kuizunguka dunia, yakaizunguka kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha yakaungua hewani yakirejea.