Allidina Visram: Biashara ilisambaratika, shule ikabaki

Mwaka 1916, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeligawa eneo la Maziwa Makuu, mzee wa miaka ipatayo 65 alifunga safari ya kibiashara kwenda Kongo. Hakusukumwa na shida ya fedha. Alikuwa na maduka, mashamba, viwanda na vyombo vya majini kuanzia pwani ya Mombasa hadi Uganda, na mawakala wa kutosha wa kuwatuma. Akaenda mwenyewe. Katika safari hiyo alipata homa, na tarehe 30 Juni mwaka huo akafariki dunia.

Jina lake lilikuwa Allidina Visram. Katika zama zake, hakukuwa na mfanyabiashara wa Afrika Mashariki asiyelijua. Leo wengi wanalisikia kama jina la shule ya sekondari mjini Mombasa tu. Lakini namna alivyojifunza biashara, alivyowafundisha wengine, na jinsi mali yake ilivyotawanyika miaka michache baada ya kifo chake, ni habari inayomhusu kila anayevusha mzigo Malaba, Mutukula, Rusumo au Kasindi.

Mwanagenzi wa Bagamoyo

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kavu yenye mvua haba, na kwa vizazi vingi vijana wake walizoea kupanda majahazi na kufuata pepo za kaskazi hadi Zanzibar. Yeye aliwasili mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Hakuja na mtaji. Alikuja kama walivyokuja vijana wengi wa jamaa yake ya Waismailia, akitegemea kwamba ng'ambo ya bahari angempata mwenzao wa kumpa kazi.

Kazi aliipata Bagamoyo, kwa tajiri Sewa Haji Paroo. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo kupitia jengo la Sewahaji katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kuwa tajiri huyo ndiye aliyetoa fedha za kujenga hospitali mjini humo katika miaka ya 1890. Biashara yake kubwa ilikuwa kuandaa misafara ya bara. Nyumba yake iliuza vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ikatafuta wapagazi, na kuwapatia mahitaji wasafiri wa Kizungu, Henry Morton Stanley akiwa mmojawapo.

Duka hilo ndilo lililokuwa chuo cha Allidina. Katika maduka ya aina hiyo mwanagenzi alianza na kazi ndogo, akapanda hadi kwenye mizani, kisha kwenye daftari la hesabu. Alijifunza kutofautisha amerikani na kaniki kwa kugusa, na kupima pembe za ndovu. Alijifunza pia kwamba ushanga unaopendwa Ugogo unaweza kukataliwa Ujiji, na kwamba msafara uliobeba ushanga usiotakiwa huweza kukwama njiani bila chakula.

Somo kubwa zaidi lilikuwa la kuaminiana. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,200, na msafara ungeweza kutembea miezi mitatu au zaidi kwenda tu. Mali ilitoka ghalani leo, na fedha zikarudi baada ya mwaka, kama zilirudi. Tajiri aliyetoa mali kauli alilazimika kumjua mtu vizuri kabla ya kumkabidhi mzigo, maana baada ya hapo hakukuwa na simu wala polisi wa kumfuatilia.

Allidina alilielewa somo hilo. Baadaye alianza kupeleka misafara yake mwenyewe, akibadilisha vitambaa na chumvi kwa pembe, nta na asali. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeiendeleza na kuipanua biashara ile ya misafara. Matawi yake yalisimama Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo.

Reli ilipobadili hesabu

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Mwaka 1901 reli hiyo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria mahali panapoitwa Kisumu leo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Walihitaji unga, mchele, dengu na samli, na maduka ya Allidina yaliwafuata kituo hadi kituo.

Kabla gari la moshi halijafika ziwani, yeye alikwisha fungua duka Kampala. Benki zilikuwa bado hazijasogea bara, hivyo duka lake likafanya pia kazi za kibenki. Rupia zilitolewa Mombasa na kulipwa Uganda kwa karatasi na jina lake.

Wafanyabiashara wengi wa misafara waliiona reli kama habari ya Waingereza. Allidina aliiona kama mwisho wa aina moja ya biashara na mwanzo wa nyingine. Mzigo uliosafiri miezi kwenye vichwa vya wapagazi sasa ulisafiri kwa siku chache. Bidhaa nzito zisizo na bei kubwa, kama ngozi, ufuta, karanga na pilipili, ambazo zamani hazikuweza kulipa gharama za upagazi, zikaanza kuwa na faida. Akahamishia nguvu zake kwenye njia ya Mombasa, Kisumu na Kampala.

Kisha ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1904 hivi wakulima wa Uganda walianza kuilima kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza. Bei ya pamba ya mkulima wa Buganda sasa iliamuliwa na watu wasiowahi kuiona Buganda. Allidina hakubaki kununua na kuuza tu. Alianzisha viwanda vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta, vya sabuni na vya soda, akapasua mbao, na vyombo vyake vikasafirisha mizigo ziwani. Kufikia mwaka 1909 alikuwa pia na mashamba makubwa saba, akijaribu miwa, mpira na mazao mengine.

Kwa lugha ya leo, alikuwa kiongozi wa kampuni ya kimataifa. Shughuli zake zilipita katika maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, kila mmoja na ushuru wake, forodha yake na askari wake.

Chuo cha nyuma ya kaunta

Swali ni jinsi mtu mmoja alivyoweza kuendesha makumi ya matawi bila simu mkononi. Jibu ni kwamba alifanya kile alichofanyiwa Bagamoyo. Alipokea vijana kutoka Kutch na Gujarat, akawaweka chini ya mawakala wazoefu, na walioonyesha uaminifu wakapewa duka la kusimamia. Wengine hawakuwa waajiriwa wake hata kidogo. Walikuwa wenye maduka madogo waliochukua mali kauli katika ghala zake, wakauza vijijini, wakarudisha fedha au mazao, wakachukua tena. Baadhi yao walisimama wenyewe baadaye na kuwa washindani wake.

Mwaka 1908, Allidina akiwa katika kilele cha nguvu zake, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilifungua shule ya biashara na kuanzisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Wazo la kwamba uongozi wa biashara unaweza kufundishwa darasani, kwa vitabu na mitihani, lilikuwa bado geni hata huko Marekani. Afrika Mashariki darasa lilikuwa kaunta, mtihani ulikuwa daftari la mwisho wa mwaka, na cheti kilikuwa neno la tajiri kwa tajiri mwenzake.

Mfumo huo ulikuwa wa haraka na wa gharama nafuu. Ulimpa kijana asiye na kitu nafasi ambayo asingeipata benki. Lakini ulikuwa na kasoro mbili, na zote mbili zilikuja kuonekana.

Kwanza, mlango wake ulikuwa mwembamba. Aliyeingia ni ndugu, jirani wa kijijini au mtu wa jamaa. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara, na wakulima wa Buganda na Busoga waliozalisha pamba, hawakuingizwa nyuma ya kaunta. Sheria za kikoloni nazo zilifanya iwe vigumu kwa Mwafrika kukopeshwa. Chuo cha Makerere kilipofunguliwa mwaka 1922 kilianza na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Somo la kuongoza biashara halikuwamo.

Pili, mfumo ulikuwa na mtu mmoja katikati. Kujua wakala yupi asukumwe na yupi asubiriwe, deni lipi ni zima na lipi limekufa, haikuwa elimu inayoandikwa yote kwenye daftari. Ilikaa kichwani mwa mwenye mali, na ndiyo maana mzee wa miaka 65 alikuwa bado njiani kwenda Kongo wakati wa vita.

Mali yatawanyika

Vita vilikuwa vimekwisha mwumiza. Tabora na Ujiji zilikuwa upande wa Wajerumani, na makao yake yalikuwa upande wa Waingereza. Njia alizozijenga kwa miaka mingi zilikatwa na majeshi. Alipofariki, mzigo wote ulimwangukia mwanawe, Abdulrasul.

Abdulrasul alirithi biashara katika wakati mbaya. Baada ya vita, bei za mazao katika soko la dunia zilipanda, kisha zikaporomoka kuanzia mwaka 1920. Mwaka huohuo serikali iliipa rupia thamani ya juu ya shilingi mbili za Kiingereza, na mwaka 1921 ikaleta shilingi ya Afrika Mashariki. Mwenye deni aliyekopa wakati rupia iko chini alijikuta anadaiwa zaidi kwa kuuza mazao yenye bei ndogo zaidi. Kwa biashara iliyosimama juu ya mali kauli kutoka pwani hadi Uganda, hicho kilikuwa kipindi kigumu kuliko vyote.

Mwaka 1923 Abdulrasul naye akafariki. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kushika usukani. Viwanda, mashamba na maduka yalikwenda mikononi mwa wengine, na kampuni iliyochukua miaka hamsini kujengwa haikudumu miaka kumi baada ya mwasisi wake.

Hata hivyo, Abdulrasul alikuwa amefanya jambo moja ambalo halikuhitaji mrithi wa ukoo. Alitoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake na kuikabidhi serikalini. Ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1923. Kwa kufuata ubaguzi wa elimu wa kikoloni, ilianza kama shule ya watoto wa Kihindi. Baada ya uhuru wa Kenya ikawa shule ya Wakenya wote, na hadi sasa vijana wa kila kabila na dini wanasoma humo.

Darasa la leo

Leo elimu ya uongozi wa biashara imefika karibu na mpaka. Arusha kuna ESAMI, taasisi ya usimamizi inayohudumia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kampala kuna Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere pale Nakawa, iliyoanzishwa mwaka 1997. Nairobi, Kigali na Dar es Salaam nazo zina vyuo vyake. Mlango ambao zamani ulifunguliwa kwa ukoo sasa unafunguliwa kwa ada na matokeo ya mtihani, na mtoto wa mkulima wa pamba anaweza kuupita.

Mengi yanayofundishwa humo yametoka Marekani, Ulaya na Japani, na hilo si kosa. Allidina mwenyewe aliishi kwa kuutazama ulimwengu na kubadilika nao. Lakini mwanafunzi anayechambua kuanguka kwa kampuni za mbali anaweza pia kuchambua ya Mombasa. Mtaji ulikuwepo, soko lilikuwepo, waaminifu walikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuongoza bila mwenye mali kuwepo.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani bado wanaishi ndani ya utaratibu wa Bagamoyo. Wadeni wako kwenye simu ya mtu mmoja. Wakala wa forodha anajulikana na mtu mmoja. Bei aliyokubaliana na mteja wa Goma au Bujumbura iko kichwani mwake, na siku akilazwa hospitali, mkewe au kijana wa dukani hajui aanzie wapi. Kumwandika yote hayo kwenye daftari, na kumfundisha mtu wa pili kulisoma, hakuhitaji shahada.

Saadani, alikokuwa na tawi lake, sasa inajulikana zaidi kwa hifadhi ya wanyama. Misafara haipo, wala viwanda vyake vya sabuni na soda. Mombasa, kila muhula, wavulana wapya wanaandikishwa shuleni kwa jina la mtu aliyeanza biashara akiwa na umri mdogo kuliko wao.