Bwana Metchnikoff na Mtindi

Nyumbani kwetu kibuyu cha mtindi hakikosekani. Bibi husema maziwa hayo hutuliza tumbo, nami nilikuwa nikimcheka, nikidhani ni mambo ya kale tu. Muhula huu mwalimu wetu wa Baiolojia alitusimulia maisha ya Élie Metchnikoff, nikaona haya.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika Ukraine, iliyokuwa chini ya Urusi wakati ule. Mke wake wa kwanza alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1873. Alihuzunika mno, lakini hakuacha elimu. Mwaka wa 1882, akiwa Messina, Italia, alimchoma mwiba mdogo mtoto wa kiti cha pweza, ambaye mwili wake waonekana hata ndani. Asubuhi alikuta seli zimeuzunguka mwiba ule kama askari. Hivyo alifahamu kuwa mwilini zimo seli zimezazo vijidudu, na mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Tangu mwaka wa 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Huko alivutiwa na habari za wakulima wa Bulgaria, waliosifiwa kuwa wanywa mtindi na wenye umri mrefu. Alifikiri kwamba uzee huletwa na sumu ya vijidudu viozeshavyo chakula katika utumbo mpana, na kwamba bakteria wa mtindi wangevizuia kwa uchachu wao. Basi akawa akinywa maziwa hayo kila siku.

Je, alipatia? Si yote. Alifariki mwaka wa 1916, mwenye umri wa miaka 71. Baadaye wataalamu waliona kuwa bakteria wale wa Bulgaria hawafanyi makao tumboni, hupita tu. Walakini swali lake halikufa. Leo yajulikana kuwa bakteria wa namna fulani waweza kupunguza kuhara kuletwako na dawa za antibiotiki. Lakini kila namna lazima ipimwe peke yake, na kwa mgonjwa aliye dhaifu sana yaweza kuleta madhara.

Nilipokwenda nyumbani nilimweleza Bibi haya yote. Akaniuliza kama basi yeye ndiye aliyesema kweli. Nilimjibu kuwa kwa sehemu tu, nikaomba kikombe. Wenzangu, maneno ya wazee tusiyacheke, wala tusiyakubali bila kuyapima.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu