Vaucanson, fundi wa mashine zenye zilikataliwa

Juzi mutoto wangu alinionyesha ku telefone sanamu moja ya plastiki, urefu wake kama kidole. Ni Boba Fett, mutu wa filme Star Wars. Mwaka 1979 kampuni Kenner ya Marekani ilitengeneza modeli zake zenye kurusha kombora dogo kutoka ku mugongo, kisha ikaogopa kama watoto watalimeza, ikaacha. Sanamu ile ya kurusha haikufika ku duka hata siku moja. Modeli chache za majaribio njo zilibaki, na mwaka 2024 moja iliuzwa ku mnada kwa zaidi ya dolari 500 000. Mutoto alishangaa namna gani kitu chenye kiwanda kilikataa kinapita bei ya nyumba.

Mimi nilikumbuka mutu mwingine, Mufaransa, mwenye alijaza nyumba nzima na modeli za namna ile zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wafanyakazi walimufukuza kwa mawe. Juu ya ile, sisi watu wa sendika tunapaswa kujua maisha yake.

Jacques Vaucanson alizaliwa tarehe 24 mwezi wa pili mwaka 1709 ku Grenoble, muji wenye kuzungukwa na milima. Baba yake alikuwa fundi wa glavu za ngozi, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Lile neno "de" mbele ya jina lake lilikuja nyuma, wakati alikuwa amekwisha kuwa mukubwa. Alisoma kwa mapadri Wayezuiti, kisha akaingia kwa watawa Waminimi ku Lyon. Lakini kichwa chake kilikuwa ku magurudumu na springi. Inasemekana kama alitengeneza sanamu za kutumikia wageni ku meza, na mukubwa mumoja wa shirika aliona ile kazi haina Mungu, akaamuru wabomoe ateliye yake. Vaucanson akaacha utawa.

Akaenda Paris. Pale alijifunza namna mwili wa mutu unafanya kazi, mifupa na mapafu na mishipa, juu alitaka kuiga mwili kwa chuma na miti. Feza hakuwa nayo, alikopa. Mwaka 1738 alionyesha watu sanamu ya muchungaji, ukubwa wa mutu muzima, yenye kupiga filimbi. Usifikiri ilikuwa sanduku la muziki lenye kufichwa ndani ya nguo. Hapana. Mivukuto ilisukuma pumuzi ya kweli mupaka ku mudomo, midomo ilifunguka na kujifunga, ulimi ulicheza, vidole vilifunika matundu ya filimbi. Ilijua nyimbo 12. Wenye elimu wa Académie des sciences waliichunguza, wakakubali.

Nyuma ya ile alileta sanamu ya pili, mupiga ngoma, na bata wa shaba. Bata ule ulipiga mabawa, ulikunywa maji, ulikula mbegu, kisha ulikunya mbele ya watu. Paris yote ilikimbilia kuuona. Hapa lazima tuseme kweli: tumbo la bata halikusaga chakula. Mbegu zilibaki pahali moja ndani, na kile chenye kilitoka nyuma kilikuwa kimetayarishwa mbele ya wageni kuingia. Hata fundi mukubwa anaweza kudanganya kidogo kusudi watu wapige mikono. Lakini mabawa na shingo zilikuwa kazi ya kweli.

Sifa yake ikaenda mbali. Mufalme wa Prussia alimwita, Vaucanson akakataa. Mwaka 1741 Kardinali Fleury, mwenye alikuwa kama waziri mukubwa wa Mufalme Louis XV, alimupa kazi ya kuangalia viwanda vya hariri vya Ufaransa. Kwa siku zile nguo za hariri zilileta feza nyingi sana, na muji wa Lyon njo ulikuwa kichwa cha ile kazi. Mwaka 1743 aliuza sanamu zake zote tatu kwa wafanya biashara wa Lyon. Michezo ilikuwa imekwisha kwake.

Sasa tunafika ku habari yenye inatugusa. Ku Lyon kulikuwa matajiri wenye walitoa uzi na kuuza nguo, na kulikuwa mafundi wenye walifuma mu nyumba zao, pamoja na bibi na watoto. Mwaka 1737 sheria moja ilikuwa imepatia mafundi nafasi ya kufuma na kuuza wao wenyewe. Mwaka 1744 sheria mpya ilitoka, ikawarudisha chini ya matajiri. Vaucanson alikuwa kati ya wale wenye waliitayarisha. Alikuwa amepita ku Lyon, alipima vyombo, alihesabu gharama, alisikiliza matajiri. Mafundi wenyewe hawakuulizwa vya kutosha.

Mu mwezi wa nane 1744 Lyon ikawaka. Maelfu ya wafumaji waliacha kazi na kuingia mu barabara. Walimutafuta Vaucanson, wakamutupia mawe, na yeye akatoroka usiku na nguo za mutawa, zile zile alikuwa ameziacha kijana. Wakubwa wa muji waliogopa, wakafuta sheria. Lakini ilikuwa kwa kupata muda tu. Mwaka wenye ulifuata askari walifika, sheria ikarudi, na wale wenye waliongoza watu wakaazibiwa kwa ukali. Wenye wamefanya mugomo wanajua ile njia: karatasi ya kwanza ya kutuliza, kisha karatasi ya pili na bunduki.

Watu wengi wanaelezea kama wafumaji walimupiga juu ya mashine. Si vile kabisa. Mashine yake kubwa ilitoka nyuma, mwaka 1745. Ilikuwa mashine ya kufuma yenye kujiongoza yenyewe: karatasi yenye matundu ilizungushwa ku silinda, na matundu yale njo yalichagua nyuzi gani zipande na gani zibaki chini. Pahali pa mutoto mwenye alikuwa anavuta kamba siku nzima, karatasi ilifanya ile kazi. Lakini silinda ilikuwa ya bei kubwa, na mapambo ya nguo hayakuweza kupita urefu wa muzunguko wake. Na mafundi wa Lyon hawakumutaka hata kidogo. Hakuna kiwanda kiliikamata. Ikabaki modeli.

Vaucanson hakuitupa. Tangu 1746 alikaa ku Paris, ku nyumba kubwa yenye iliitwa Hôtel de Mortagne, barabara ya Charonne. Pale alikusanya mashine zake moja kwa moja: za kusokota hariri, za kufuma, za kutengeneza munyororo wenye hata leo unabeba jina lake. Alitengeneza pia, karibu mwaka 1751, mashine ya chuma ya kuzungusha na kuchonga chuma, mama ya zile turu zenye mafundi wetu wanatumia mu ateliye. Nyingine zilifanya kazi mu viwanda, nyingine hazikutoka mu ile nyumba hata siku moja.

Kuna moja yenye haikufika hata ku modeli. Vaucanson alitaka kutengeneza mutu mwenye damu yenye kutembea mu mishipa, kusudi wanganga wajifunze. Mufalme Louis XV alipenda ile mawazo. Kwa mishipa walihitaji mpira, na mpira ulitoka ku miti ya Guyane, mbali ngambo ya bahari. Kazi ilichelewa, ikachelewa tena, mupaka ikakufa.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 1782. Mashine zake alimwachia Mufalme Louis XVI. Kisha mapinduzi yakafika, mufalme akakatwa kichwa, lakini mashine zikapona. Mwaka 1794, padri Grégoire, mwenye alikuwa mujumbe wa bunge la mapinduzi, alipitisha sheria ya kuunda Conservatoire des arts et métiers, nyumba ya kuchunga mashine na modeli kusudi watu wajifunze. Vitu vya Vaucanson viliingia pale. Mashine yake ya kufuma na ile turu vingali ku ile nyumba ya makumbusho ku Paris. Zile sanamu zenye zilimupatia sifa, mupiga filimbi, mupiga ngoma na bata, zilizunguka kwa wenye kununua vitu vya ajabu mupaka Ujeremani, zikaharibika, zikapotea.

Karibu mwaka 1804, mwana wa mufumaji wa Lyon, Joseph-Marie Jacquard, alifika ku Conservatoire, akaonyeshwa ile mashine yenye ilikataliwa tangu 1745. Aliichunguza, akaunganisha mawazo yake na ya mafundi wengine wa zamani. Pahali pa silinda ya bei kubwa aliweka makaratasi magumu yenye kufungana moja kwa moja, bila mwisho wa urefu. Ile safari mashine ilishinda. Wafumaji wa Lyon walivunja za kwanza, haikusaidia. Mwaka 1831 waliinuka tena, lakini hawakupigana na mashine: waliomba bei ya kazi yao iandikwe na iheshimiwe.

Hapa kwetu, miaka fulani nyuma, sisi wadelege tuliitwa tuone picha za mashine ya kutoboa mawe yenye kuongozwa na mutu mumoja kutoka ofisi. Tulicheka. Walisema ni majaribio tu, tukarudi ku habari ya posho na buti. Miaka ine ikapita. Siku mashine ilishuka ku mugodi, timu mbili zilibaki bila kazi, na sisi hatukuwa na hata mustari mumoja wa mapatano juu ya kufundisha wale watu kazi ingine.

Mafundi wa Lyon walikuwa na haki mwaka 1744, na wala siwezi kulia juu ya Vaucanson mwenye aliandikia matajiri sheria. Lakini mashine yenye imekataliwa inaweza kulala miaka 60 mu nyumba, kisha ikaamuka. Kwa hiyo, ndugu delege, kama wanakuonyesha modeli, usicheke. Omba kuiona karibu, uliza itatoa kazi ya watu wangapi, na uanze kuzungumuza juu ya wale watu siku ile ile.