Charles Darwin na Vita vya Majani

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu twalijua jina la Charles Darwin kwa habari za wanyama na visiwa vya mbali. Mimi napenda kuwaelezeni habari zake katika jambo dogo zaidi, yaani majani tunayoyakanyaga kila siku.

Darwin alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari, 1809. Baba yake alikuwa daktari, akataka mwanawe awe daktari pia. Mwaka 1825 akampeleka Edinburgh, lakini kijana hakuweza kuvumilia kutazama upasuaji wa siku zile, uliofanywa bila dawa ya usingizi. Akaacha, akaenda Cambridge ili awe kasisi, na huko akapenda kukusanya wadudu kuliko kusoma vitabu. Baba yake alihofu kwamba kijana huyu hatafaa kitu.

Mwisho wa mwaka 1831 alipata nafasi katika merikebu iitwayo Beagle, akaizunguka dunia kwa muda wa karibu miaka 5. Mwaka 1833, katika mbuga za Argentina, aliona jambo la ajabu. Mahali palipolishwa ng'ombe wengi, majani marefu na magumu yalikuwa yametoweka, na badala yake palitandazwa majani mafupi, laini, ya kijani.

Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Down, jimbo la Kent, pamoja na mkewe Emma. Afya yake ilikuwa mbaya. Mwaka 1851 binti yao Annie alikufa akiwa na umri wa miaka 10, na huzuni hiyo haikumtoka Darwin. Lakini hakuacha kazi. Alisafisha kipande cha ardhi cha futi 3 kwa futi 2, akatia alama kila mche wa magugu uliochipua. Ilitokea miche 357. Katika hiyo 295 iliangamia, mingi ikiliwa na wadudu na konokono wasio na gamba.

Kisha alichukua kipande cha majani yaliyozoea kukatwa, futi 3 kwa futi 4, chenye aina 20 za mimea, akayaacha yakue. Aina 9 zikafa, kwa kuwa zilisongwa na jirani zao wenye nguvu. Habari hizi alizitia katika kitabu chake mashuhuri juu ya asili ya viumbe, kilichotolewa mwaka 1859.

Vita hivyo vimo hata katika ukoka wa uwanja wetu wa mpira. Ukoka hautegemei mbegu tu. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi na chipukizi. Kwa hiyo machipukizi mengi sana huenda yakawa mmea mmoja. Wataalamu waliokuja baada ya Darwin wameonyesha kwamba katika mimea mingi itambaayo, machipukizi yaliyoungana hugawana maji na chakula. Lile lililofika mahali pakavu husaidiwa na lile lililo penye maji. Basi mche uliotoka katika mbegu, ulio peke yake, hupambana na ukoo mzima. Nawe ukiukata ukoka kwa jembe, kila kipande chenye kifundo chaweza kuwa mmea mpya, na ndiyo sababu mkulima huuchukia.

Hata hivyo ukoka una udhaifu mmoja: hauvumilii kivuli. Tukiacha kufyeka uwanja, majani marefu yatausonga. Kumbe mshindi hapati ushindi kwa nguvu zake tu. Fyekeo na meno ya ng'ombe huamua pia. Mfugaji anayeongeza au kupunguza ng'ombe malishoni, ajue asijue, anachagua majani yatakayoishi na yatakayokufa.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili, 1882, akazikwa Westminster Abbey, mahali pa heshima kubwa. Kijana aliyedhaniwa hafai aliweza kuyaona hayo kwa kuhesabu majani ya nyumbani kwake kwa saburi. Nasi tuna uwanja, kamba na daftari. Nashauri tuzungushie kamba kipande cha futi 3 kwa futi 4, tusikifyeke, na tuhesabu aina za mimea kila muhula. Tutajua wenyewe nani amemsonga nani.